Mlima hauzuii presha!

Nilikwenda Makete mwezi Juni, baridi ikiwa imepamba moto, na kwenye begi nilikuwa na kimashine cha kupimia presha. Mie mwenyewe ndiye mwenye matatizo hayo, basi sitembei bila hicho kidude.

Baba mdogo aliponiona nimejifunga mkono alicheka hadi akakohoa. "Hayo ni magonjwa yenu watu wa Dar," aliniambia. "Mnakaa kwenye viti, mnakula chipsi. Sisi huku tunapanda milima, presha itatukuta wapi?"

Nikamwambia, "Basi baba mdogo, lete mkono."

Ikasoma 178 kwa 104! Nikampumzisha, nikapima tena: ni kulekule. Ukifika 140 kwa 90 tu, tena zaidi ya siku moja, tayari daktari anataka kukuona. Kicheko kikakata.

Jamani, mzee hakuwa amekosea yote. Kule Uswisi, utafiti uliotolewa mwaka 2009 ulionyesha kwamba kwa kila mita 1,000 za kupanda juu, vifo vya ugonjwa wa mishipa ya moyo vilipungua kwa asilimia 22. Kutembea kwenye vilima nako ni dawa ya moyo isiyouzwa dukani.

Lakini mlima nao una deni lake. Uwanda wa Kitulo uko mita zipatazo 2,600 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ina oksijeni pungufu kwa karibu robo ukilinganisha na ya Dar. Mwili hujibu kwa kutengeneza chembe nyekundu nyingi za damu. Zikizidi mno, damu huwa nzito na moyo husukuma kwa taabu. Daktari Carlos Monge wa Peru alieleza ugonjwa huo mwaka 1925, kwa watu wa milima ya Andes, ambako wengi huishi juu zaidi ya mita 3,000.

Kwa baba mdogo, hata hivyo, sikuhitaji kwenda Peru. Majibu yalikuwa jikoni. Baridi ikiuma, mishipa hujikunja na presha hupanda. Madirisha hufungwa, kuni zinawaka ndani, na moshi ule huumiza mishipa ya moyo, siyo mapafu peke yake. Mboga ina chumvi ya kuchota kwa kiganja, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri isifike gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai. Juu ya hapo sigara, na ulanzi kila jioni.

Usiku ndipo aliponinong'oneza siri: mwaka jana zahanati ilimpa vidonge, akaacha baada ya wiki mbili kwa kuwa "nilijisikia mzima." Hapo ndipo watu wengi wanapokwama! Presha haipigi hodi. Unajisikia mzima mpaka siku unapoanguka, mdomo umeenda upande.

Asubuhi tulishuka wote zahanati, akaandikiwa vidonge upya. Mama mdogo amehamisha chumvi kutoka mezani, na dirisha la jiko sasa linafunguliwa. Wiki iliyopita alinipigia simu: 142 kwa 88.

Na wewe msomaji unayejivunia hewa safi ya kwenu, mara ya mwisho ulipima lini?