Anwani ya Kila Fremu: Utangulizi wa Msimbo wa Muda kwa Mrekodi wa Sauti

Huenda umeazimwa au umenunua kinasa sauti cha kidijitali cha treki nyingi, ukafungua menyu yake, ukakutana na ukurasa uliojaa namba: 23.976, 24, 25, 29.97, 30, na pembeni herufi DF na ND. Wengi hufika hapo wakaufunga ukurasa haraka, wasije wakaharibu kitu. Mimi nakuomba tukae hapo hapo. Nimefanya kazi na ukurasa huo kwa miaka mingi na bado naupenda, kwa kuwa ndani yake kuna jibu la swali kongwe la filamu: picha imenaswa na chombo kimoja, sauti imenaswa na chombo kingine, zitakutanaje?

Tuanze na usiku mmoja wa taarabu. Jukwaani wamo mwimbaji, wapiga fidla wawili, mpiga kanuni, mpiga udi, akordioni na dumbaki. Mezani kwako pana kinasa sauti cha treki nane. Treki ni njia ya peke yake ya sauti: maikrofoni ya mwimbaji ina treki yake, kanuni ina yake, ili kesho uweze kuipandisha kanuni bila kugusa sauti ya mwimbaji. Ukumbini zimo kamera mbili. Moja imesimama nyuma, nyingine inazunguka ikiwafuata wanaoinuka kwenda kutunza, na huyo mpiga picha huwasha na kuzima kamera yake kila anapobadili mahali. Asubuhi mhariri ana faili kadhaa za sauti na faili nyingi za picha, na hakuna lililo na habari ya jingine.

Zamani kazi ya kuzikutanisha ilifanywa na kibao cha kugonga, na mpaka leo hakijastaafu. Unakisimamisha mbele ya kamera, unagonga. Picha inaonyesha mbao zikigusana, sauti inatoa mlio, mhariri anaweka mlio juu ya mgusano. Ni njia nzuri sana. Lakini nani atagonga kibao mara arobaini katikati ya wimbo, mbele ya watu waliovaa na kujitia udi ili wastarehe?

Hapo ndipo unapoingia msimbo wa muda, ambao mafundi wengi studioni huuita taimukodi. Ni anwani inayoandikwa pamoja na picha na sauti, kwa mfano 20:15:32:07. Isome kutoka kushoto: saa 20, dakika 15, sekunde 32, fremu ya 07. Fremu ni picha moja tuli; picha inayotembea ni fremu nyingi zinazofuatana upesi. Kamera ikinasa fremu 25 kwa sekunde, kila moja inakaa milisekunde 40. Kwa hiyo namba ya mwisho ndiyo inayogawa sekunde vipande 25, na kwa kuwa kuhesabu kunaanza na 00, kipande cha mwisho ni 24. Baada ya 20:15:32:24 huja 20:15:33:00. Usitafute 25, haipo. Mwanafunzi aliyewahi kuniambia mashine yake inaruka namba alikuwa anaitafuta hiyo.

Kamera mbili na kinasa sauti vikiwa na anwani moja kwa wakati mmoja, mhariri anaiambia programu ipange faili zote kwa anwani, na kila kipande kinakwenda mahali pake.

Kabla hatujaendelea, neno moja kwetu sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili. Msimbo wa muda huanza kuhesabu usiku wa manane, saa sita usiku, ambayo kwenye mashine ni 00:00:00:00. Siku yetu sisi inaanza na jua. Onyesho la saa moja na nusu usiku mashine huliandika 19:30. Nimewahi kupokea daftari la kumbukumbu za kurekodi lililoandikwa kwa uangalifu mkubwa, kila wimbo na saa yake, na zote kwa saa zetu, huku faili zikisoma saa sita mbele. Aliyeandika hakukosea, ila hakuna aliyekuwa amemwambia. Basi mkubaliane mapema: daftarini iandikwe namba inayoonekana kwenye kioo cha mashine, hivyo hivyo ilivyo.

Sasa swali ambalo najua limeshakujia: kama fremu ni mambo ya picha, kinasa sauti kinaulizia kasi ya fremu ya nini? Swali hili ndilo msingi wa somo lote, kwa hiyo tulitulie.

Sauti haina fremu. Kinasa sauti cha kidijitali kinafanya kazi kwa sampuli, yaani vipimo vya sauti vinavyochukuliwa kwa kasi kubwa mno. Kwa kazi za video kiwango cha kawaida ni sampuli 48,000 kwa sekunde. Ukibadilisha kasi ya fremu kutoka 25 kwenda 24, vipimo hivyo havibadiliki: sauti haitakuwa nzuri zaidi wala mbaya zaidi. Kinachobadilika ni namna mashine inavyoviandikia anwani. Kwa fremu 25, kila anwani inabeba sampuli 1,920. Kwa fremu 24, sampuli 2,000. Fikiria kitambaa kimoja kinachopimwa kwa yadi au kwa mita: kitambaa ni kile kile, ila ukipima kwa yadi ukamwambia fundi ni mita, nguo itakukataa. Kwa hiyo sheria ya kwanza ni kwamba kasi ya fremu kwenye kinasa sauti ifuate ya kamera. Muulize mpiga picha kabla hujabonyeza kitufe chekundu, na usiridhike na jibu la "ya kawaida". Mwombe akuonyeshe menyu ya kamera.

Kwetu Afrika Mashariki jibu mara nyingi litakuwa 25. Umeme wa Tanzania, Kenya na Uganda unabadilika mara 50 kwa sekunde, na televisheni zetu zilirithi mfumo wa PAL wenye fremu 25, nusu kamili ya 50. Jambo hili bado linaonekana kwa macho: ukirekodi kwa fremu 30 ndani ya ukumbi wenye taa za tyubu, picha inaweza kupepesa, kwa kuwa kamera na taa hazipigi hatua pamoja. Fremu 24 ni ya sinema, tangu sauti ilipoingia kwenye filamu mwishoni mwa miaka ya 1920, na watengenezaji wengi wa filamu wa hapa kwetu huichagua kwa sura yake.

Iliyobaki ni ile namba ya ajabu, 29.97. Usiiogope, ina historia inayoeleweka. Televisheni ya Marekani ya nyeusi na nyeupe ilikwenda kwa fremu 30, kwa sababu umeme wao unabadilika mara 60 kwa sekunde. Mwaka 1953 ilipoidhinishwa televisheni ya rangi, wahandisi waligundua kwamba wimbi linalobeba rangi lingegongana na wimbi linalobeba sauti na kuchafua picha kwa vidoti. Wakaipunguza kasi yote kidogo sana, sehemu moja kati ya 1,001. Fremu 30 zikawa 29.97. Picha ikatulia, ila hesabu ikavurugika, maana huwezi kuandika anwani ya fremu 0.97. Mashine ikaendelea kuhesabu fremu 30 kwa kila "sekunde", ingawa fremu 30 sasa zinachukua zaidi kidogo ya sekunde ya kweli. Baada ya saa nzima ya ukutani, msimbo unakuwa nyuma kwa sekunde 3.6, yaani fremu 108.

Kwa mtangazaji aliyeuza nafasi ya tangazo kwa sekunde, hilo ni tatizo. Suluhisho lake ni herufi DF ulizoziona kwenye menyu, ambazo mimi naziita mruko wa namba. Kila dakika inapoanza, mashine inaruka namba mbili, 00 na 01, isipokuwa katika dakika ya 00, 10, 20, 30, 40 na 50. Fanya hesabu nami: dakika 60 mara namba 2 ni 120, toa dakika 6 zisizorukwa, yaani namba 12, unabaki na 108. Zile zile fremu 108 tulizokuwa tumepoteza. Ni sawa na mwaka mrefu: kalenda inaongezewa siku moja ili ifuatane na jua, na hakuna anayesema jua limerefuka. Hapa vivyo hivyo, hakuna picha inayotupwa, ni namba tu zinazorukwa. Wanafunzi wangu wengi huogopa kwamba DF itawakatia picha au sauti. Haikati chochote. ND ni kuhesabu bila mruko, na kwa fremu 24 au 25 huhitaji mruko wowote.

Nikuonyeshe linavyouma. Usiku mmoja tulirekodi kwa kamera za fremu 25, na kinasa sauti tulichokodi kilikuwa kimeachwa na mtumiaji wa kabla yetu kwenye 29.97 ND. Tuliweka saa kwa mkono, 20:00:00:00, kila kioo kikasoma sawasawa, tukaridhika. Asubuhi sauti yote ilikaa mbele ya picha kwa karibu dakika moja na sekunde 12. Mdomo wa mwimbaji ulifunguka, ikasikika beti nyingine kabisa. Sababu yake ni hii: ndani ya faili la sauti anwani haihifadhiwi kama unavyoiona kiooni. Aina ya faili ya WAV iliyowekwa na Umoja wa Watangazaji wa Ulaya, EBU, mwaka 1997 huhifadhi idadi ya sampuli tangu usiku wa manane. Kwa hesabu ya 29.97 ND kila saa inachelewa sekunde 3.6, kwa saa 20 inakuwa sekunde 72. Programu ya kuhariri ilizisoma sampuli zile kwa hesabu ya 25, na ikasema kweli kwa upande wake. Tulipoielewa hesabu, tulizirudisha faili zote nyuma kwa sekunde 72, tukarekebisha fremu chache kwa macho, kazi ikaisha. Tangu siku hiyo sikabidhiwi mashine nikairekodia bila kwanza kufungua ukurasa ule.

Sasa hatua ya ndani kidogo. Msimbo wa muda unakwambia uko wapi. Haukwambii unakwenda kasi gani. Kasi inatunzwa na kijiwe cha kwatzi ndani ya kila mashine, na hakuna vijiwe viwili vilivyo sawa kabisa. Kijiwe kinachokosea sehemu 10 kwa milioni kinapotea milisekunde 36 kwa saa, karibu fremu nzima ya 25. Kwa wimbo wa dakika nane hutaona kitu. Kwa kamera inayorekodi bila kukatika saa tatu, utaona midomo ikianza kuachana na maneno. Vinasa sauti vizuri vya kazi za filamu vina kijiwe kinachorekebishwa kwa joto, chenye kosa la sehemu 0.2 kwa milioni. Hicho kinahitaji zaidi ya siku mbili kupoteza fremu moja. Kamera nyingi hazina kijiwe cha namna hiyo. Ndiyo maana tunachukua saa ya kinasa sauti kuwa mama, tunaunganisha kamera kwa waya, kamera inanakili anwani, tunachomoa. Wengine hufunga juu ya kamera kisanduku kidogo kinachoendelea kuilisha msimbo usiku kucha. Kama unatumia waya, rudia asubuhi, baada ya chakula cha mchana, na kila ulipobadilisha betri.

Msimbo unaopita kwenye waya huo ni sauti hasa, biti 80 kwa kila fremu, na ukiusikiliza ni mlio mkali wa kukwaruza. Kamera isiyo na tundu la msimbo unaweza kuirekodia mlio huo kwenye treki yake moja ya sauti, na programu nyingi za kuhariri zitausoma. Ila usiuweke kwa nguvu kubwa jirani na maikrofoni ya udi, maana huvuja.

Menyu itakuuliza pia namna ya kuhesabu. Ipo inayotembea muda wote, urekodi usirekodi, na ipo inayotembea tu wakati wa kurekodi. Kwa chombo zaidi ya kimoja chagua ya kwanza. Ya pili ina faida kwa mtu mwenye kamera moja anayetaka anwani zake zifuatane bila pengo. Na kwa kuwa taarabu haiishi mapema, kumbuka kwamba saa sita usiku namba hurudi 00:00:00:00, na wimbo wa mwisho utakaa mwanzo kabisa wa orodha ya mhariri. Kwa onyesho la usiku mimi huachana na saa ya ukutani: naanzisha mashine zote kwenye 10:00:00:00, naandika hivyo daftarini, na usiku unapita bila mkasa.

Kesho, kabla ya sura ya kwanza ya kitabu hiki, fanya jaribio moja. Weka kinasa sauti na kamera kwenye 25, sampuli 48,000, vipe anwani moja, viache virekodi saa nzima. Piga kofi moja mbele ya kamera mwanzoni na jingine mwishoni. Fungua faili kwenye programu, zipange kwa anwani, kisha tazama kofi la kwanza na kofi la mwisho kwa karibu, fremu kwa fremu. Andika tofauti uliyoiona na uje nayo, tutaanzia hapo.