Magari Mepesi ya Michezo: Yanayofaa Barabarani na Yanayofaa Uwanja wa Mashindano



Katika mikutano yetu ya polisi na jamii kuna swali ambalo limekuwa likirudi mara kwa mara, nalo huulizwa zaidi na vijana: Je, ni kosa kumiliki gari la michezo na kulifanyia mabadiliko? Jibu letu ni fupi. Si kosa. Mwananchi anayo haki ya kumiliki gari dogo, jepesi na lenye mbio, kama alivyo na haki ya kumiliki lori au pikipiki. Kosa huanza pale mabadiliko yanapolifanya gari kuwa hatari kwa dereva, kwa abiria wake, au kwa mama anayevuka barabara akiwa na mtoto mgongoni. Makala haya yanakusudia kuonyesha mpaka huo uko wapi, kwa sababu tumegundua kwamba wenye magari wengi hawaujui, na tunakiri kwamba baadhi ya askari wetu pia hawakuwa wakiujua vyema.

Kisa kilichotufundisha

Usiku mmoja, katika kizuizi chetu cha ukaguzi, askari walisimamisha Toyota MR-S nyekundu kwa sababu ya kelele za ekzosi. Mwenye gari, kijana wa miaka ishirini na kitu, alishuka kwa heshima, ila hakuficha uchungu wake.

"Afande," alisema, "gari hili nalitunza kuliko yote yanayopita hapa. Mbona teksi ile yenye matairi vipara hamkuisimamisha?"

Tulitazama alikokuwa akionyesha. Teksi ya abiria kumi na wanne ilikuwa imekwisha kupita.

"Kuhusu teksi umesema kweli, kijana wetu," tulimjibu. "Sasa tulitazame na gari lako."

Injini yake ilikuwa safi, na mafuta yalikuwa mapya. Lakini springi za mbele zilikuwa zimekatwa kwa msumeno ili gari lishuke, na tairi lilikuwa likisugua bodi kila usukani ulipokatwa hadi mwisho. Matairi yenyewe yalikuwa ya aina ya mashindano, yenye mifereji michache mno, na tarakimu zilizochapwa ubavuni zilionyesha kuwa yaliundwa miaka tisa iliyopita. Kijana alikuwa ameyanunua kwa bei nzuri, akaambiwa kuwa hayo ndiyo matairi ya wakimbiaji.

Hatukumwandikia kosa la mwendo, kwa kuwa hatukumwona akikimbia. Tulimwandikia kosa la kuendesha gari lenye hitilafu ya hatari, na gari likabaki kituoni. Hata hivyo, swali lake kuhusu teksi lilibaki nasi. Askari aliyemsimamisha alisikia kelele tu. Springi na matairi, ambavyo ndivyo vingeweza kuua, vilionekana baadaye kwa sababu mmoja wetu aliinama na kurunzi. Laiti ekzosi ingekuwa kimya, gari lile lingepita.

Wepesi una faida gani

Wenye magari haya wana sababu nzuri ya kuyapenda. Mwingereza Colin Chapman, mwanzilishi wa kampuni ya Lotus, aliunda magari kwa kupunguza uzito kwanza kabla ya kuongeza nguvu za injini. Lotus Seven ilitoka mwaka 1957 kwa msingi huo. Mwaka 1996 ilifuata Lotus Elise, yenye chasisi ya alumini iliyounganishwa kwa gundi maalumu, na uzito wake ulikuwa kiasi cha kilo 725 tu. Wajapani nao walitoa Mazda Roadster mwaka 1989, gari la watu wawili lililopendwa hata likafikisha magari milioni moja mwaka 2016. Toyota MR-S iliundwa kuanzia 1999 hadi 2007, na uzito wake ni kama tani moja.

Katika nchi yetu, jambo moja huwavutia mafundi: injini ya MR-S, ile iitwayo 1ZZ, ni ya jamii ileile inayopatikana katika Premio, Allion na Wish nyingi zinazopita Kampala kila siku. Hata Lotus Elise za baadaye zilifungwa injini za Toyota. Kwa hiyo vipuri vya injini si vigumu kupatikana. Ila anayetaka kuagiza gari sasa akumbuke kwamba sheria iliyoanza kutumika mwaka 2018 inazuia kuingiza nchini gari lenye umri wa miaka 15 au zaidi tangu kuundwa. MR-S zilizopo ni zile zilizoingia zamani, nazo ni magari yaliyozeeka. Mipira yake, mabomba yake ya breki na bolti zake za chini vyahitaji kukaguliwa kabla mtu hajafikiria mbio.

Wepesi husaidia breki. Kwa mwendo uleule, gari la tani moja hubeba nusu ya nishati inayobebwa na gari la tani mbili, kwa hiyo breki zake hufanya kazi ndogo zaidi. Mwendo, hata hivyo, una hesabu yake. Ukiongeza mwendo mara mbili, nishati huongezeka mara nne. Gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa hupita karibu mita 28 kila sekunde. Dereva mwenye macho makali, akitumia sekunde moja tu kutambua kwamba bodaboda imekata mbele yake, amekwisha kupita mita 28 kabla mguu haujagusa breki. Hakuna fundi anayeweza kuzirudisha mita hizo.

Tena, gari jepesi likigongana na lori, jepesi ndilo huumia. Na kwa kuwa liko chini, dereva wa lori huenda asilione kabisa linapokuwa ubavuni mwake. Wanaovuka Katuna kuingia Rwanda, ambako huendeshwa upande wa kulia, wazingatie jambo hili mara mbili: mwenye usukani wa kulia katika gari la chini hana namna ya kuona mbele ya lori asipotoa karibu gari zima katika njia ya wengine. Huko ni heri kukaa nyuma ya lori.

Mwishowe, katika magari kama MR-S na Elise, injini hukaa nyuma ya viti. Uzito mwingi uko nyuma. Dereva akiingia kwenye kona kwa kasi kisha akashtuka na kuachilia mafuta ghafla, uzito huhamia mbele, matairi ya nyuma hupoteza mshiko, na mkia wa gari huzunguka. Aliyezoea Premio hutarajia gari lisukume mbele, hili humgeuka.

Mabadiliko: kipi kwanza, kipi baadaye

Tumeona vijana wakianza na ekzosi, kisha injini, na matairi yakawa ya mwisho. Tunashauri mpango ugeuzwe.

Kwanza ni matairi, kwa kuwa ndiyo pekee yanayogusa lami. Soma tarakimu nne za ubavuni: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lenye 3219 liliundwa wiki ya 32 ya mwaka 2019. Mpira hukauka na kuwa mgumu hata kama mifereji bado ipo. Matairi ya mashindano yana mifereji michache kwa sababu yametengenezwa kwa lami kavu na joto. Mvua ya Kampala ikimwagika, mifereji hiyo haiwezi kuyatoa maji, na gari huelea.

Pili ni breki. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa. Mafuta ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka kabla ya nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishanyonya unyevu, kiwango hicho cha chini hushuka hadi 155. Yakichemka hutoa mapovu, na pedali huzama hadi chini bila gari kusimama. Kuyabadilisha ni gharama ndogo kuliko ekzosi yoyote. Pedi nazo zina mahali pake: pedi za mashindano hushika vyema zikiwa na joto kali, lakini asubuhi, gari likitoka nyumbani, hazishiki inavyotakiwa. Mtoto anayekimbilia mpira nje ya lango hangoji pedi zipate joto.

Tatu ni springi na shokapu. Springi iliyokatwa haikai sawasawa katika kikombe chake; gari likiruka tuta inaweza kutoka mahali pake. Shokapu iliyoundwa kwa springi ndefu hufika mwisho wake na kuvunjika. Anayetaka kushusha gari anunue springi na shokapu zilizoundwa pamoja kwa gari hilo, na afikirie matuta na mashimo ya barabara anazopita. Magari ya Safari Rally yaliinuliwa na kukingwa chini kwa mabamba ya chuma. Hayakushushwa.

Nne ni vifaa vya usalama vya mashindano. Kizimba cha mabomba ya chuma ndani ya gari huokoa maisha ya dereva aliyevaa helmeti na kufungwa imara. Barabarani, bila helmeti, bomba lilelile huwa nyundo ya kichwa. Usiondoe mkanda wa kawaida wa gari.

Injini ije mwisho. Gari linaloweza kusimama ndilo linalostahili kuongezewa mwendo.

Sheria inasemaje

Maelezo ya gari katika logibuku lazima yalingane na gari lenyewe. Ukibadilisha rangi au injini, toa taarifa kwa mamlaka ya usajili ili kumbukumbu zirekebishwe. Injini yenye namba isiyolingana huzua swali la wizi, nasi hatuna budi kuuliza. Bima ya mtu wa tatu ni ya lazima, nayo humlinda uliyemgonga. Hailipi gari lako. Mwenye bima kubwa amweleze wakala mabadiliko aliyofanya, na asome mkataba, kwa kuwa mikataba mingi huondoa hasara itokanayo na mashindano. Ekzosi isiyo na kizuia sauti, taa zinazopofusha wanaokuja mbele, na namba zilizofichwa au kupindwa, yote haya ni makosa hata kwa gari lililosimama vizuri. Na mashindano ya mwendo katika barabara ya umma pasipo kibali ni kosa, yawe saa nane za usiku au mchana. Barabara ya usiku haiko tupu: kuna walinzi wanaorudi nyumbani kwa baiskeli, na kuna malori yaliyoharibika bila taa.

Mahali pa mbio

Nchi yetu si mgeni katika michezo hii. Safari ya kwanza ya mwaka 1953 ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Shekhar Mehta, aliyezaliwa Uganda, aliishinda Safari Rally mwaka 1973 akiendesha Datsun 240Z, gari la michezo la kiasi cha tani moja, kisha akaishinda tena mara nne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Leo yapo mashindano ya Pearl of Africa, na yapo matukio mengine yanayoandaliwa na vilabu chini ya shirikisho la michezo ya magari, FMU. Huko gari hukaguliwa kabla ya kuanza, dereva huvaa helmeti, njia hufungwa, na gari la wagonjwa huwa tayari. Anayetaka kujua kasi ya gari lake aende huko. Sisi tutakuwapo kulinda watazamaji, wala hatutamkamata mtu kwa kukimbia.

Ahadi yetu

Vijana wamelalamika kwamba tunayasimamisha magari yao kwa sura tu. Lalamiko hilo lina ukweli, na tumelipokea. Askari anayesimamisha gari anapaswa kumwonyesha mwenyewe hitilafu aliyoiona, iwe gari ni la michezo au ni teksi. Unayo haki ya kumwuliza kwa adabu, "Afande, kosa ni lipi?" na kupata jibu. Usiporidhika, onana na mkuu wa trafiki wa kituo hicho. Katika eneo letu tumeanza kuwafundisha askari wa vizuizi kusoma tarakimu za matairi na kutazama springi, na tumewaambia waanze na magari ya abiria.

Kijana wa MR-S alirudi baada ya wiki tatu pamoja na fundi wake. Springi zilikuwa mpya, matairi yalikuwa ya barabarani. Alituuliza kama anaweza kubaki na ekzosi yake ya kelele. Tulimwambia aifunge siku ya uwanjani, na barabarani arudishe ile ya kiwandani. Hakufurahi sana, lakini alikubali. Fundi wake ndiye aliyetuuliza zaidi: alitaka kujua kwa nini springi iliyokatwa ni kosa, kwa kuwa alikuwa amekata nyingi. Tulimweleza kama tulivyoeleza hapa, naye akaahidi kuwaita wenye magari hayo warudi.

Kando ya barabara, watu hupenda kusema kwamba ajali haina kinga. Sisi tunaofika wa kwanza mahali pa ajali hatukubaliani na msemo huo. Mara nyingi kinga ilikuwapo, nayo iligharimu chupa moja ya mafuta ya breki. Mwenye gari la aina hii anayetaka ushauri alilete kituoni mchana kabla hajasimamishwa usiku, na aje na fundi wake.