Zawadi ya Kigeni na Macho ya Watu wa Rungwe

Mito ya Rungwe hushuka kwa kasi kutoka milimani kuelekea Ziwa Nyasa, na maji ya kasi ndiyo mazalia ya inzi mdogo mweusi anayeeneza usubi, ugonjwa unaowasha ngozi kwa miaka na hatimaye kupofusha macho. Mabonde yanayoizunguka Tukuyu yanajulikana kwa maradhi haya, na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ina kituo chake mjini hapo. Dawa yake ni ivermectini. Mwaka 1987 kampuni ya Merck ya Marekani ilitangaza kuitoa bure kwa kiasi chochote kitakachohitajika, kwa muda wote utakaohitajika. Kidonge alichomeza mkulima wa ndizi au chai wa Rungwe kilikuwa, basi, zawadi ya kigeni.

Naanzia kwenye kidonge kwa sababu mjadala wa kudhibiti zawadi za kigeni kwa vyuo vikuu huendeshwa zaidi kwa lugha ya siasa na usalama. Nchini Marekani, kifungu cha 117 cha Sheria ya Elimu ya Juu huvitaka vyuo kutangaza zawadi na mikataba ya nje inayofikia dola 250,000 kwa mwaka. Machi 2025 Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada wa kukishusha kiwango hicho hadi dola 50,000. Kwetu, kanuni za mwaka 2018 huyataka mashirika yasiyo ya kiserikali kuwasilisha kwa Hazina na kwa Msajili mikataba ya ufadhili inayozidi shilingi milioni 20. Kanuni hizo hazikutungiwa vyuo, lakini chuo kinachofanya kazi vijijini kwa kushirikiana na mashirika hayo hakiwezi kuzikwepa.

Hoja ya wanaotaka udhibiti si ya kupuuzwa. Mfadhili huweza kuchagua swali la utafiti, kuhodhi takwimu, hata kuondoka na damu ya wagonjwa wetu. Ndiyo maana sampuli haitakiwi kuvuka mpaka bila kibali na mkataba maalumu wa kuihamisha. Udhibiti wa namna hiyo naukubali bila kusita, kwa kuwa unatazama kinachotoka mikononi mwetu, wala haujali sana pasipoti ya mtoaji.

Ninachokihofia ni sheria inayohesabu fedha na kusahau muda. Ivermectini huua minyoo wachanga waliomo ndani ya ngozi. Mnyoo mkubwa huachwa hai, naye huishi miaka 10 hadi 15 akiendelea kuzaa. Kwa hiyo dawa hurudiwa walau mara moja kwa mwaka, mwaka baada ya mwaka. Duru moja ikikwama kwa sababu barua inasubiri saini, ngozi hujaa minyoo upya, na inzi hupata cha kusambaza. Hata ugawaji unapositishwa, Shirika la Afya Duniani hutaka ufuatiliaji wa miaka 3 hadi 5: inzi wapimwe, na damu ya watoto ipimwe. Hiyo ni kazi ya watafiti, na fedha zake kwa kawaida hutoka nje.

Tena mlango huweza kufungwa kutoka upande wa pili. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje. Mei mwaka huohuo Taasisi za Taifa za Afya za nchi hiyo zikatangaza kuacha kutoa ruzuku mpya kwa washirika wa kigeni kupitia vyuo vyao. Mtu angedhani kidonge cha bure hakiguswi. Lakini kidonge ni zawadi moja. Gari linalokifikisha kijijini, mafunzo ya wagawa dawa, na ile fimbo ya kupimia urefu ili kukadiria dozi, huweza kuwa zawadi ya mtu mwingine kabisa.

Kwa maoni yangu, sheria yoyote itakayovigusa vyuo vyetu iipe serikali siku zisizozidi 30 kujibu kuhusu dawa na ufuatiliaji wa magonjwa; zikipita kimya, kazi iendelee. Bajeti ya taifa nayo ianze kubeba gharama ya gari na mafunzo, ambayo ni ndogo kuliko ya dawa yenyewe. Na chuo kitakachoomba nafuu hiyo kiwe tayari kubandika mkataba wake, kwa Kiswahili, kwenye ubao wa matangazo wa kijiji ambako damu ya watoto itachukuliwa.