Rangi Ije Mwisho

Masomo: Walawi 14:33-48; Kumbukumbu la Torati 24:5

 

Leo nataka nizungumze hasa na ninyi mliofunga ndoa mwaka huu au mwaka jana. Nanyi wazee msizime redio, maana nyumba zikizeeka huhitaji kutazamwa upya, na ndoa vilevile.

Wengi wenu hamkuanza maisha katika nyumba mpya. Huku kwetu Homa Bay na Migori, kijana humwingiza mke wake katika simba, ile nyumba ya kijana iliyo karibu na lango la boma la baba yake. Simba hiyo imekwisha kulalwa na kaka na binamu kwa miaka, na kila mmoja ameacha msumari wake ukutani. Mwingine ni mwalimu, naye amepewa nyumba ya shule iliyojengwa kabla yeye hajazaliwa. Mwingine amepanga chumba nyuma ya duka la zamani mjini. Wote huingia na godoro jipya, masufuria ya zawadi, na moyo uliojaa furaha. Wiki ya pili mvua hunyesha. Ndipo mnaposukuma kitanda huku na huku mkitafuta mahali pakavu.

Msione haya. Wana wa Israeli nao waliingia Kanaani wakakaa katika nyumba ambazo hawakuzijenga. Musa aliwakumbusha neno hilo katika Kumbukumbu la Torati sura ya 6. Na kwa sababu nyumba za zamani zina mambo yake, Mungu aliwapa sheria ya kuzikagua. Sheria hiyo imo katika Walawi 14, sura ambayo wengi wetu huiruka tunaposoma Biblia.

Nitawaeleza sheria hiyo, lakini kwanza niwaambie jinsi mimi nilivyoivunja.

Nilipomaliza chuo cha theolojia nilipewa parishi ya vijijini, upande wa ziwa. Nilikuwa nimeoa miezi michache tu. Nyumba ya mchungaji ilikuwa ya zamani, kuta za udongo zilizosiribwa saruji kwa nje, na mabati yenye kutu. Mke wangu aliizunguka siku ya kwanza, akarudi akaniambia mambo mawili. Bati la chumba cha kulala linavuja, na kati ya ukuta na paa pana upenyo ambao mkono mzima unapita.

Nikamwambia, "Subiri kidogo." Wageni walikuwa wanakuja kunikaribisha rasmi, nami nilitaka waone nyumba ya heshima. Fedha tuliyokuwa nayo nilinunulia rangi. Nikapaka sebule, nikapaka na mlango wa mbele. Ilipendeza kweli. Wageni walisifu, nami nikafurahi. Walipoondoka, mke wangu aliniuliza kwa upole, "Sebule ni ya wageni. Sisi tunalala wapi?"

Sikumjibu. Nilikuwa na mkutano.

Mvua za masika zikaja, na mbu wakaja pamoja nazo. Ninyi mnaokaa kando ya ziwa mnajua malaria ya huku. Ni miongoni mwa sehemu za Kenya zinazoumizwa nayo zaidi. Mke wangu alikuwa mja mzito. Chandarua tulikuwa nacho, lakini matone ya mvua yalipoanguka kitandani tulikuwa tukikivuta huku na huku usiku kucha, hata kikachanika. Homa ikampata, tena kali. Nilimpeleka hospitali usiku kwa pikipiki. Akalazwa, na mtoto akazaliwa kabla ya wakati wake, mdogo sana. Siku zile nilijifunza kuomba bila maneno.

Mungu alituhurumia. Mtoto yule leo ni kijana wa sekondari. Siwezi kusema ni mbu yupi aliyeleta ugonjwa, wala alipitia wapi. Lakini najua upenyo ule ulikuwapo, najua niliambiwa, na najua fedha ya kuuziba ilikuwa imepakwa sebuleni.

Nilipokuwa nyumbani peke yangu alikuja mzee mmoja fundi, muumini wetu. Alichukua fimbo yake akagonga ukuta wa sebule nilioupaka. Ulilia kama mtungi mtupu. Akachokoa kidogo, na udongo wa mchwa ukamwagika sakafuni. Nguzo ilikuwa imeliwa, imebaki ganda. Akanitazama akasema, "Mchungaji, umemvisha mgonjwa kanzu mpya badala ya kumpeleka kwa daktari."

Ndugu zangu, hayo ndiyo yaliyonirudisha kwenye Walawi 14. Sikilizeni mpangilio wake.

Kwanza, mwenye nyumba aliyeona madoa ukutani alipaswa kwenda yeye mwenyewe kwa kuhani na kusema: naona kama pana pigo nyumbani mwangu. Hakungoja jirani amseme. Pili, vyombo vyote vilitolewa nje kabla kuhani hajaingia kutazama. Tatu, nyumba ilifungwa siku 7, kisha ikatazamwa tena. Nne, mawe yaliyopata pigo yaling'olewa, na lipu ya zamani ikakwanguliwa. Tano, yaliletwa mawe mengine badala yake. Baada ya hayo yote ndipo nyumba ilipakwa tena.

Mnaona? Kupaka ni kazi ya mwisho. Mimi niliifanya ya kwanza.

Basi, ninyi mlioingia nyumba ya zamani, fanyeni hivi. Ngojeni siku ya mvua, kisha mzunguke nyumba yenu pamoja, kila mtu na karatasi yake. Anzeni juu. Tazameni misumari ya mabati, maana maji hupita mara nyingi kwenye tundu la msumari uliolegea. Tundu dogo huzibwa kwa lami. Bati lililooza halizibwi, hubadilishwa. Tazameni kenchi na boriti kama zimeliwa. Mkikuta paa la zamani si la bati bali ni la asbesto, msilikate wala kulivunja wenyewe, kwa sababu vumbi lake hudhuru mapafu. Tafuteni ushauri wa NEMA.

Halafu tazameni maji yakianguka yanakwenda wapi. Nyumba nyingi za udongo huanza kufa miguuni. Kama maji yanasimama penye msingi, chimbeni mtaro uyapeleke mbali. Jembe na jasho vinatosha.

Kisha gongeni kuta, kama alivyogonga yule mzee. Fuateni njia za mchwa mpaka kwenye kichuguu chao. Nguzo iliyoliwa itolewe. Wala msiharakishe kusiriba saruji juu ya udongo mkidhani mmeimarisha. Saruji na udongo havishikani vizuri, hupasuka, na nyuma yake mchwa hufanya kazi bila kuonekana. Baada ya hapo zibeni upenyo chini ya paa, na mtie wavu madirishani, bali mwache hewa ipite. Kama mlango umepakwa rangi ya zamani sana, msiikwangue ikiwa kavu karibu na mtoto au mama mja mzito, kwa kuwa rangi nyingi za zamani zilikuwa na risasi, nayo ni sumu.

Na kama nyumba ni ya kupanga, zungumzeni na mwenye nyumba kabla ya kutia hata msumari, mwandikiane nani atalipa nini. Kama ni simba ndani ya boma, waulizeni wazazi kwanza. Lakini nanyi wazazi, mpeni binti huyo nafasi ya kupanga jiko lake. Amekuja kuwa mwenye nyumba. Msimfanye mgeni anayelindiwa vyombo.

Yakiisha hayo, nunueni rangi. Nayo itadumu.

Sasa, msikilizaji, nadhani umekwisha kufahamu kwamba sizungumzi juu ya udongo na mabati peke yake. Kila mmoja wenu ameingia katika ndoa akiwa yeye mwenyewe ni nyumba ya zamani. Umejengwa na wazazi wako, shule yako, rafiki zako na makosa yako. Siku ya arusi tulikuona umepakwa rangi, suti na shela. Lakini kuna mchwa gani nyuma ya ukuta? Pengine kuna deni la chama ulilokopa ili arusi ipendeze, na mwenzako halijui. Pengine kuna mtoto uliyezaa kabla, ambaye unampelekea fedha kwa siri. Pengine kuna pombe. Sheria inasema mwenye nyumba aende aseme mwenyewe. Afadhali mkeo alisikie deni kinywani mwako jioni, kuliko alisikie asubuhi kwa watu waliokuja kubeba meza.

Na usipoambiwa siri bali ukaambiwa shida, kama mimi nilivyoambiwa, usiseme "Subiri kidogo" ukaenda mkutanoni. Katika Kumbukumbu la Torati 24:5 Mungu aliamuru mtu aliyeoa karibuni asipelekwe vitani wala asitwikwe kazi ya watu kwa muda wa mwaka 1, akae nyumbani amfurahishe mkewe. Sisi hatuendi vitani, lakini tuna kamati, mazishi, michango na safari. Mwaka wa kwanza ni wa kukagua paa. Ukiupoteza, utaulipia baadaye kwa bei ya juu.

Neno moja zito zaidi. Nyumba ile ya Walawi ilipochunguzwa, watu hawakuachwa wakae ndani. Ilifungwa kwanza. Kwa hiyo kama nyumbani mwako pigo ni ngumi na fimbo, dada yangu, usiambiwe kwamba uvumilivu ni kukaa chini ya ukuta unaoanguka. Toka, uwe salama, wewe na watoto, ndipo wazee na mchungaji na serikali waitwe watazame. Nasi wachungaji tusiwe watu wa kupaka rangi mahali palipooza.

Lakini wengi wenu nyumba zenu zaweza kutengenezwa, nami nataka mpate moyo. Ukitoka mji wa Migori kuelekea kaskazini magharibi, yapata kilomita 46, utafika Thimlich Ohinga. Ni boma la kale lenye kuta za mawe matupu, bila saruji wala udongo wa kushikisha, nazo mahali pengine zimeinuka zaidi ya mita 4. Wataalamu wanakisia kuwa zilijengwa karne ya 16. Mwaka 2018 UNESCO iliziandika katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Mambo mawili ya Thimlich yanafaa arusi zenu. La kwanza, waliojenga kuta zile walihama, na watu wengine wakaingia baada yao. Hao hawakuzidharau kuta kwa kuwa ni za zamani, wala hawakuzibomoa. Walizitengeneza, wakabadilisha hapa na pale, wakakaa, kizazi baada ya kizazi. Tusingekuwa na Thimlich leo kama pangalikuwa na wajenzi tu bila watengenezaji.

La pili, ukuta ule ni kama kuta mbili zilizosimama pamoja, wa nje na wa ndani, kila mmoja umepangwa kwa mawe yake. Katikati yake mna vijiwe vidogo vinavyoshikanisha pande mbili. Watalii hupiga picha mawe makubwa ya nje. Vile vijiwe hakuna anayevipiga picha, lakini navyo vinaubeba ukuta. Ndivyo ilivyo kwa mume na mke. Kinachowashika ni mambo madogo ya katikati: kusema ulipo, kuonyesha mshahara wako, kushika tochi mwenzako anapopanda ngazi, kuomba pamoja kabla ya kulala, na kusema, "Nilikosa, nisamehe."

Mke wangu alipotoka hospitali na yule mtoto mdogo, alikuta sebule imebomolewa upande mmoja, mabati mapya matatu yapo chumbani, na ule upenyo umezibwa. Nilimwambia neno hilo, kwamba nilikosa. Alitazama juu ya kitanda kwa muda, akasema, "Sasa tunaweza kulala." Sebule ilikaa bila rangi mwaka mzima. Wageni walikuja, wakaketi, wakanywa chai, wala hakuna aliyeuliza.

Jumamosi hii, mwambie mwenzako: njoo tuzunguke nyumba. Mwulize, "Wewe unavujiwa wapi?" Kisha nyamaza, usikilize mpaka amalize.

Na tuombe.

Ee Bwana Yesu, uliyekaa Nazareti katika nyumba ya seremala, ingia katika nyumba zetu za zamani. Utuonyeshe yaliyooza, utupe ujasiri wa kuyasema na nguvu za kuyatoa. Uwalinde mama waja wazito na watoto wachanga usiku huu. Uwape vijana wako waliooana karibuni upendo usioogopa kukaguliwa. Amina.

Mungu awabariki, mlale salama.