Mvi: Kwa Nini Nywele Hupoteza Rangi Yake?

Kuota mvi ni jambo linalompata karibu kila mwanadamu aliyejaliwa umri mrefu. Hata hivyo, dhana zilizolizunguka jambo hilo ni nyingi mno. Wako wasemao kwamba mvi huletwa na fikra nyingi. Wako wasemao kwamba ni urithi. Wako pia wanaoamini kwamba ukiung'oa unywele mmoja mweupe, mahali pake zitaota saba. Baadhi ya watu huzipokea mvi kwa furaha, kwa kuwa mwenye mvi hupewa heshima barazani, na wengine huzificha kwa rangi za dukani.

Sayansi ina maelezo yake juu ya jambo hili, na manufaa ya maelezo hayo si kumaliza ubishi tu. Huonyesha pia ni wakati gani kupotea kwa rangi ya nywele ni jambo la kawaida lisilohitaji tiba yoyote, na ni wakati gani ni dalili isiyofaa kupuuzwa hata siku moja.

Unywele na rangi yake

Sehemu ya unywele inayoonekana juu ya ngozi haina uhai. Ni uzi wa protini iitwayo keratini, ile ile ifanyayo kucha za mwanadamu na kwato za ng'ombe. Uhai uko chini, ndani ya kishimo kidogo cha ngozi ambamo mzizi wa unywele umekaa. Humo seli, yaani chembe hai, hugawanyika upesi, hujaa keratini, hufa, na kusukumwa juu na zile zinazozifuata. Kichwa cha mtu mzima kina nywele zipatazo 100,000, na kila unywele hurefuka kwa kadiri ya sentimeta moja kwa mwezi. Nywele za Waafrika hurefuka polepole zaidi kidogo.

Keratini peke yake haina rangi. Rangi hutoka kwa seli za aina nyingine, ziitwazo melanositi, ambazo hukaa pale pale mzizini. Seli hizo huchukua tairosini, mojawapo ya asidi amino zijengazo protini, na kwa msaada wa kimeng'enya maalumu huigeuza kuwa melanini. Melanini ni ya aina mbili: iko yenye weusi na rangi ya hudhurungi, na iko yenye wekundu na umanjano. Tofauti ya nywele za Mwafrika, Mhindi na Mzungu hutokana na wingi wa melanini na namna aina hizo mbili zilivyochanganyika. Ikisha kutengenezwa, melanini hukabidhiwa kwa seli za keratini kabla hazijafa, nazo huondoka nayo kwenda juu.

Kazi hii yafanana na ya msusi wa mikeka. Msusi huzichovya chane za ukindu katika rangi kwanza, kisha huzisuka. Chane iliyoingia katika ukili ikiwa nyeupe haitajitia rangi yenyewe baadaye. Unywele nao hutiwa rangi wakati wa kufanywa, na ukisha kutokeza nje ya ngozi, mwili hauna tena njia ya kuubadili. Jua kali laweza kuufifisha na dawa zaweza kuupaka, lakini hizo ni nguvu za nje.

Jambo hili latosha kujibu hadithi moja mashuhuri. Husimuliwa kwamba nywele za Marie Antoinette, malkia wa Ufaransa aliyekatwa kichwa mwezi wa Oktoba 1793, ziligeuka nyeupe kwa usiku mmoja kabla ya kuuawa kwake. Unywele usio na uhai hauwezi kufanya hivyo. Uko ugonjwa wa nywele kunyonyoka ghafula ambao huziangusha zaidi zile zenye rangi na kuziacha nyeupe. Mtu aliyekuwa na mchanganyiko wa nywele nyeusi na mvi huonekana kana kwamba ameota mvi zote kwa muda mfupi, kumbe zilizobaki zilikuwa nyeupe tangu awali.

Akiba ya mbegu inapokwisha

Unywele haukui daima. Hukua kwa miaka kadhaa, kwa kawaida kati ya miwili na sita, kisha hupumzika kwa kadiri ya miezi mitatu na kuanguka, na mwingine huanza kuota katika kishimo kile kile. Kila msimu unapokwisha, melanositi zilizoutia rangi unywele ule hufa nyingi. Msimu mpya huhitaji melanositi mpya, nazo hutoka katika akiba ya seli mama ambazo zimehifadhiwa sehemu ya juu kidogo ya kishimo. Hapa ndipo ilipo siri ya mvi.

Mkulima huweka mbegu ghalani ili apande msimu ujao. Mbegu zikiotea mle mle ghalani kabla ya kufika shambani, hazifai tena kuwa mbegu. Mwaka 2005 Emi Nishimura, David Fisher na wenzao, waliokuwa wakifanya utafiti Boston, Marekani, walionyesha kwamba hali kama hiyo hutokea katika nywele. Kadiri umri unavyosogea, baadhi ya seli mama hukomaa mahali pasipostahili, yaani ndani ya ghala lenyewe, na akiba hupungua. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha New York waliongeza jambo jingine kutokana na uchunguzi wa panya: seli hizo hulazimika kusafiri kati ya ghala na mzizi, na nywele zinapozeeka, nyingi hukwama njiani zisifike pa kutia rangi.

Akiba ikisha, kishimo huendelea kuzaa unywele, lakini usio na melanini. Mwanga huupiga uzi huo na kutawanyika, nao huonekana mweupe. Rangi ya kijivu iliyo katika vichwa vya wazee wengi hutokana zaidi na nywele nyeupe zilizochanganyika na nyeusi. Ni dhahiri pia kwamba kung'oa unywele mmoja hakuwezi kuzaa saba, kwa kuwa kila kishimo kina akiba yake na hakina habari na jirani zake.

Sababu nyingine ilielezwa mwaka 2009 na watafiti wa Uingereza na Ujerumani. Walikuta kwamba katika nywele za mvi hukusanyika haidrojeni peroksaidi, kemikali ile ile itumiwayo kung'arisha nywele. Mwili huizalisha kwa kiasi kidogo kila siku na kuivunja, lakini uwezo wa kuivunja hupungua uzeeni, na kimeng'enya cha kutengeneza melanini hudhurika.

Urithi na mfadhaiko

Wasemao kwamba mvi ni urithi hawakukosea. Mwaka 2016 watafiti walioongozwa na Chuo Kikuu cha London (UCL) walichunguza watu zaidi ya 6,000 wa Amerika ya Kusini na Meksiko, wakaona kwamba kinasaba kiitwacho IRF4 kina uhusiano na kuota mvi. Umri nao hutofautiana: kwa wastani mvi huanza kwa Wazungu katikati ya miaka ya thelathini, na kwa Waafrika katikati ya miaka ya arobaini. Mwafrika akiota mvi nyingi kabla ya kutimiza miaka 30 huhesabiwa kuwa ameziota mapema.

Wasemao kwamba mvi huletwa na fikra nao wana sehemu ya ukweli. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walionyesha kwamba panya waliotiwa katika mfadhaiko mkali walipoteza rangi ya manyoya. Mishipa ya fahamu iliyo karibu na vishimo ilimwaga noradrenalini, na seli mama zikakomaa zote kwa pamoja mpaka akiba ikaisha. Mwaka uliofuata watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia walichunguza nywele za watu 14 na kukuta kwamba unywele mmoja mmoja waweza kurudia rangi mfadhaiko unapopungua. Lakini hizo zilikuwa nywele chache zilizokuwa bado mpakani. Kichwa kilichokwisha kuwa cheupe hakirudi kuwa cheusi kwa sababu mwenyewe amepumzika.

Wakati wa kushtuka

Mvi za mtu mzima mwenye afya si ugonjwa. Kuna hali nyingine, hata hivyo, ambazo yapasa kuzitofautisha nazo.

Ya kwanza, na iliyo kubwa, ni ya mtoto mdogo ambaye nywele zake zimekuwa nyekundu au zimefifia, zimekuwa laini na chache, na hung'oka bila maumivu. Hiyo ni dalili ya unyafuzi, ugonjwa wa utapiamlo uitwao pia kwashiakoo. Daktari Cicely Williams aliueleza mwaka 1933 alipokuwa akitumikia Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, na mwaka 1935 akauita kwa jina la lugha ya Kiga lenye maana ya ugonjwa wa mtoto anayepokonywa nafasi mdogo wake anapozaliwa. Kwa kuwa unywele haubadiliki ukisha kutoka, nywele za mtoto huyo huandika historia yake. Mtoto aliyepitia vipindi vya njaa na vya shibe huweza kuwa na mistari ya rangi hafifu na nyeusi katika unywele mmoja, kama bendera. Kila sentimeta ni takriban mwezi mmoja wa maisha yake. Mtoto wa namna hiyo, hasa akiwa amevimba miguu, apelekwe kituo cha afya mara moja, kwa maana tiba yake huhitaji uangalizi. Akipona, weusi huanza kuonekana tena mizizini.

Ya pili ni ya kijana anayeota mvi mapema huku akichoka upesi, viganja vikipauka au miguu ikifa ganzi. Yamkini amepungukiwa na vitamini B12, ambayo hupatikana katika nyama, samaki, mayai na maziwa. Maradhi ya tezi ya shingoni nayo huweza kuleta mvi za mapema. Tofauti na uzee, hali hizi zina tiba, na mara nyingine rangi hurejea.

Ya tatu si ugonjwa, wala haina budi kushtua mtu. Watu wenye ualbino wanazo melanositi, lakini hazitengenezi melanini ya kutosha kwa sababu ya vinasaba walivyorithi kwa baba na mama. Hakuna laana wala muujiza katika nywele zao. Kinachotakiwa ni kuikinga ngozi yao na jua.

Hadhari juu ya rangi

Hina halisi, inayotokana na majani ya mhina, huzitia mvi wekundu, na haiwezi peke yake kuleta weusi. Ile iitwayo hina nyeusi, pamoja na piko itumiwayo katika pwani ya Afrika ya Mashariki, aghalabu huwa na kemikali iitwayo parafenilenidiamini. Kemikali hiyo huweza kuchoma ngozi na kuvimbisha uso, na aliyewahi kudhurika nayo mara moja hudhurika zaidi arudiapo. Ikimezwa ni sumu kali: koo huvimba hata kuziba pumzi, na figo huacha kufanya kazi. Sudan na nchi nyingine zimepoteza watu kwa njia hiyo. Basi anayetaka kupaka rangi na asome maandishi ya pakiti, aijaribu kwanza kwa kiasi kidogo nyuma ya sikio na kungoja siku mbili, na aihifadhi mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki.

Asiyetaka kupaka hana hasara yoyote. Mzee na mjukuu wake waweza kuketi ukumbi mmoja, nywele za wote wawili zikiwa zimepoteza weusi. Za mzee zasema tu kwamba miaka imepita. Za mtoto zasema kwamba miezi iliyopita hakupata chakula cha kumtosha, na kwamba bado kuna wakati wa kumwokoa.