Tozo ya maegesho binafsi

Tozo ya maegesho binafsi ni malipo yanayodaiwa na mwenye kiwanja, nyumba ya wageni, duka au taasisi isiyo ya Serikali kwa gari lililoegeshwa katika eneo lake. Inaweza kuwa ada ya kawaida ya saa, siku au usiku, au malipo ya ziada kwa dereva aliyepitisha muda, aliyepoteza tiketi au aliyeegesha mahali pasiporuhusiwa. Malipo hayo ya ziada mara nyingi huitwa "faini", lakini kwa kawaida ni dai linalotokana na mkataba, si adhabu ya Serikali.

Tofauti na ushuru wa Serikali

Nchini Tanzania, Ibara ya 138 ya Katiba inasema kwamba kodi ya aina yoyote haitatozwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria. Halmashauri hutoza ushuru kwa kufuata Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa (Sura ya 290) na sheria ndogo zake. Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA), ulioanzishwa mwaka 2017, ulianza mwaka 2021 kutumia mfumo wa kielektroniki kukusanya ushuru wa maegesho ya barabarani. Deni huhusishwa na namba ya usajili ya gari, na hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya Serikali.

Mwenye maegesho binafsi hana uwezo wa kutunga sheria ndogo wala kumtia mtu hatiani. Anachoweza kudai ni kile ambacho dereva alikubali kulipa, au fidia ya hasara aliyopata. Kushindwa kulipa deni la namna hiyo ni shauri la madai, si kosa la jinai.

Msingi wa kisheria

Kwa Tanzania Bara, sheria inayohusika zaidi ni Sheria ya Mikataba (Sura ya 345). Mkataba wa maegesho si lazima uandikwe na kutiwa saini. Bango linaloonekana wazi mlangoni, au tiketi inayotolewa wakati wa kuingia, vinaweza kutosha. Sharti ambalo dereva hakuonyeshwa mpaka wakati wa kutoka ni vigumu kulihesabu kuwa sehemu ya makubaliano.

Vifungu vitatu vina uzito wa pekee:
- Kifungu cha 15 kinaeleza maana ya kushurutisha. Ndani yake kuna kushikilia mali ya mtu isivyo halali, au kutishia kuishikilia, ili akubali jambo.
- Kifungu cha 72 kinamtaka aliyepokea fedha zilizolipwa kwa makosa au kwa kushurutishwa azirudishe.
- Kifungu cha 74 kinahusu kiasi kilichotajwa mapema kwa atakayevunja mkataba. Anayedai hupata fidia ya kiasi kinachofaa, isiyozidi kiasi hicho. Hivyo kiasi kilichoandikwa kwenye bango ni kikomo. Hakilipwi chote moja kwa moja.

Mfano

Sumbawanga, makao makuu ya Mkoa wa Rukwa, iko kwenye nyanda za juu za Ufipa, eneo linalolima mahindi kwa wingi. Tuseme dereva wa lori lenye mahindi anafika mjini jioni na kulaza gari katika kiwanja cha mtu binafsi kabla ya kushika njia ya Tunduma. Bango linasema shilingi 3,000 kwa usiku. Asubuhi, saa 3, mlinzi anakataa kufungua geti mpaka zilipwe shilingi 30,000, akisema mwisho wa kutoka ni saa 1.

Ikiwa saa ya kutoka haikuandikwa popote wala kutajwa, dereva ana hoja nzuri kwamba deni lake ni shilingi 3,000. Ikiwa iliandikwa wazi, anadaiwa kitu kwa saa mbili za ziada, lakini mwenye kiwanja atapaswa kueleza kwa nini saa hizo zina thamani mara tisa ya usiku mzima.

Tatizo ni kwamba mzigo unasubiriwa. Dereva anaweza kulipa huku akieleza wazi kwamba anapinga, kisha kudai arudishiwe fedha iliyozidi. Kulipa kwa namna hiyo si kukubali deni.

Hatua za kuchukua

1. Kupiga picha ya bango, tiketi, geti na mahali gari liliposimama, kabla ya kuondoka.
2. Kudai risiti inayoonyesha kiasi, tarehe na jina la aliyepokea.
3. Kutoa kiasi ambacho hakina ubishi, mbele ya shahidi.
4. Kumwandikia mmiliki, kwani mlinzi getini mara nyingi hana mamlaka ya kupunguza chochote.
5. Mazungumzo yakishindikana, kufungua madai. Mahakama ya mwanzo husikiliza madai madogo yanayotokana na mikataba, na lugha yake ni Kiswahili.

Kuvunja geti au kukata mnyororo kunaweza kumgeuza mwenye haki kuwa mshtakiwa.

Katika nchi nyingine

Nchini Uingereza, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2015, katika shauri la ParkingEye dhidi ya Beavis, kwamba pauni 85 zilizodaiwa kwa kupitisha muda katika maegesho ya Chelmsford ni halali, kwa kuwa mabango yalikuwa makubwa na mwendeshaji alikuwa na sababu ya haki ya kutaka magari yapishane. Hata hivyo, tangu Oktoba 2012 kufunga magurudumu ya magari katika ardhi binafsi bila mamlaka ya kisheria ni kosa huko England na Wales. Yaani mwenye maegesho anaweza kudai fedha yake, lakini si kwa kulishika gari.