Ukurutu usiokoma: Kipimo cha plasta chaweza kukuonyesha chanzo

Na Mwandishi Wetu, Kitengo cha Mawasiliano cha Kaunti

Fundi wa mjengo hupasuka mikono kila anapopata kazi, na hupona akikaa nyumbani wiki mbili. Msusi huvimba vidole baada ya kupaka wateja rangi ya nywele. Mwanafunzi huwashwa tumboni, hasa pale kifungo cha suruali kinapogusa. Wote hupewa krimu, hupata nafuu, kisha ugonjwa hurudi. Krimu hutuliza ngozi, lakini haiondoi kinachoichokoza. Kwa baadhi ya wagonjwa, kipimo cha plasta huweza kukitambua.

Ukurutu una aina zake

Aina ya kwanza huanza sana utotoni na hupatikana zaidi katika familia zenye pumu au mzio wa vumbi. Aina ya pili hutokana na ngozi kuchubuliwa na maji ya kila mara, sabuni kali au dawa za kusafishia. Huyu hana mzio. Ngozi yake imechoshwa tu.

Aina ya tatu ni mzio wa kugusa, na hapa ndipo kipimo cha plasta hufaa. Mwili hukikataa kitu fulani, hata kama umekitumia miaka mingi bila shida. Dalili huchelewa, mara nyingi siku 1 hadi 3 baada ya kugusa. Ndiyo maana wengi hulaumu kitu kisichohusika.

Kipimo hufanywaje?

Mbinu hii si ngeni. Ilielezwa mwaka 1895 na Josef Jadassohn, daktari wa ngozi Mjerumani. Hakuna sindano wala kutoa damu. Daktari hubandika mgongoni plasta zenye vikombe vidogo, kila kimoja kikiwa na kiasi kidogo cha kitu kinachojulikana kuleta mzio: madini ya nikeli na kromi, manukato, vihifadhi vya vipodozi, kemikali za mpira na za rangi ya nywele.

Jiandae kufika kliniki mara tatu. Kwa mfano, plasta zikibandikwa Jumatatu, hutolewa Jumatano baada ya saa 48 na mgongo hukaguliwa. Ijumaa hukaguliwa tena. Usiikose siku ya mwisho kwa kuokoa nauli, kwani mzio mwingine hujitokeza siku hiyo tu.

Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kwa urahisi. Kwa hivyo daktari hupapasa kwa kidole kuona kama pameinuka au pana vipele.

Kabla na wakati wa kipimo

• Usipake krimu ya steroidi mgongoni kwa wiki moja kabla, na usiuanike mgongo juani.
• Mwambie daktari ikiwa unameza vidonge vya steroidi. Usiviache bila ushauri wake.
• Plasta zikiwa mgongoni, usiloweshe mgongo wala usifanye kazi ya kutoa jasho jingi. Jifute kwa kitambaa sehemu nyingine za mwili.
• Beba vipodozi, glovu na bidhaa unazotumia kazini. Soma nawe lebo zake.

Majibu yana maana gani?

Alama mgongoni haitoshi peke yake. Ni lazima ilingane na maisha yako. Kromi hupatikana kwenye saruji na viatu vingi vya ngozi. Nikeli hujificha kwenye hereni za bei nafuu, vifungo vya suruali na bakoli za mishipi. Kemikali za mpira zimo kwenye glovu na slipa.

Rangi nyeusi ya nywele huwa na kemikali iitwayo PPD, ambayo wengine huichanganya kwenye piko ili ikolee upesi. Hina halisi huacha rangi ya machungwa hadi kahawia, si nyeusi ti. Aliyewahi kutoka malengelenge kwa piko ajihadhari na rangi ya nywele, hata miaka mingi baadaye, na amweleze msusi.

Mzio wa kugusa ukishaingia, kwa kawaida haumtoki mtu. Faida ya kipimo ni kujua cha kuepuka, na pengine kuokoa kazi yako. Fundi aliyepatikana na mzio wa kromi anaweza kubadilisha glovu, kunawa saruji mara inapomwagika na kuomba kazi isiyomgusisha nayo. Sheria ya Afya na Usalama Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga dhidi ya vitu vyenye madhara.

Kipimo hiki hakitambui mzio wa chakula. Usimnyime mtoto maziwa au mayai kwa sababu ya ukurutu bila ushauri wa mhudumu wa afya. Vilevile, usijibandike sabuni au rangi ya nywele nyumbani ukidhani unajipima. Unaweza kujiunguza.

Uanzie wapi?

Fika kwenye zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe. Kipimo hufanywa na mtaalamu wa ngozi, kwa hivyo utahitaji barua ya rufaa. Uliza mapema gharama yake, na kama SHA italipia.

Ukisubiri, weka daftari. Andika siku ulipowashwa, sehemu ya mwili, na ulichogusa siku tatu zilizotangulia. Jipake mafuta mazito yasiyo na manukato mara kwa mara, na uepuke krimu za sokoni zisizo na lebo, kwani nyingine huwa na steroidi kali.

Nenda hospitalini bila kuchelewa ikiwa ngozi inatoa usaha, una homa, au uso umevimba na unapumua kwa shida.

Ikiwa hujui pa kuanzia, mwulize mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji au mtaa wako. Atakuelekeza.